Jozi Mbili za Taa Kutoka Hamburg

S.L.P. 914,
Dodoma.
10 Julai 1994

Mpendwa mdogo wangu Masudi,

Marahaba. Najua umeniamkia kabla hata hujamaliza kuchana bahasha, kwa hiyo nimeitikia mapema tusicheleweshane. U hali gani huko Hamburg? Ule mgongo uliokuwa ukikuuma kwa kubeba mizigo ghalani umepoa? Mimi namshukuru Mungu, nakula na ninalala. Huku Miyuji ni baridi na upepo, vumbi linaingia hadi kwenye kikombe cha chai. Cheka tu, mtu wa Dodoma anamlalamikia baridi mtu wa Ulaya.

Shemeji yako Rukia bado yuko Kondoa anamuuguza mama yake. Tangu aondoke nyumba imekuwa kubwa. Napika wali wa mtu mmoja na bado unabaki. Nina upweke, Masudi, sina haja ya kukuzungusha. Jioni ndiyo mbaya zaidi.

Kifurushi kilifika salama. Taa zote nne za amplifaya, hivi vichupa vya kukuzia sauti, zilikuwa nzima, umezivisha soksi kama watoto wachanga. Soksi nimezifua na ninazivaa, usizidai.

Uliniomba nilinganishe jozi ya Kijerumani na jozi ya Kirusi, nikuambie ipi ina ile sauti yetu, ili ununue kasha zima kabla ya kurudi mwakani tuifufue bendi. Ukaandika kwamba akiba yako yote inategemea masikio yangu. Hapo ndipo niliposoma mara nyingi kuliko pengine pote.

Nilifanya kazi hiyo asubuhi, maana jioni umeme wa huku unashuka hadi amplifaya inaimba kama ina mafua. Unajua ilivyo: unazima, unasubiri taa zipoe, unachomoa kwa kitambaa, unaingiza nyingine, unapima umeme wake upya, ndipo unapiga. Nilipiga wimbo uleule wa kufungulia dansi, kwa gita lilelile. Za Kirusi zilikuja na nguvu, besi imekaa imara, hata ukiongeza sauti hazipasuki. Za Kijerumani zilikuwa laini, na ukizibana kidogo zinapasuka kwa ule utamu tuliokuwa tukiutafuta miaka yote. Na zilivyo kimya! Nikizuia nyuzi kwa kiganja, hakuna hata mvumo. Nikasema hizi ndizo. Barua ya kukuambia ununue za Kijerumani nilikuwa nimeshaianza.

Ila nilikuwa nimeruka jambo moja, mtu wa mlangoni. Kwenye bendi hatukuwahi kuamini sikio la anayepiga. Kabla ya dansi wewe ndiye uliyekuwa ukienda kusimama mlangoni mwa ukumbi, umetugeuzia mgongo, na hatukukuambia tumebadilisha nini. Ukiinua mkono tunaacha hivyo hivyo, usipoinua tunarekebisha. Sasa nani asimame? Hasani wetu wa besi yuko Zuzu anafuga kuku. Tangu kiwanda kilichokuwa kikiimiliki bendi yetu kifungwe na bendi kuvunjwa, hataki hata kuliona gita.

Nikamwita jirani yangu Generosa, karani wa Bunge, mtu wa Bukoba, mwenye maneno mengi na roho nzuri. Alikuwa na maharage jikoni, kwa hiyo mimi nikibadilisha taa yeye anakimbia kuyakoroga. Nilimsimamisha mlangoni, mgongo kwangu, kama tulivyokuwa tukikusimamisha wewe. Nikapiga kwa za Kirusi. Akasema, "Nzuri hiyo, kaka Nurdini." Nikabadilisha, nikapiga kwa za Kijerumani, na hata sijafika katikati akageuka ameziba sikio.

"Hii hapana, kaka. Mluzi wote huo, wewe husikii?"

Nikamwambia hakuna mluzi. Nikaacha kupiga, nikashika nyuzi. Akasema bado unalia, mwembamba kama wa mbu. Nikazima. "Haya, umekoma." Nikawasha, taa zikapata moto. "Umerudi huo." Nilisogeza sikio hadi likagusa kitambaa cha spika. Masudi, sikusikia kitu. Generosa alikuwa akicheka, akaacha. Akaenda kuepua maharage yake, akaniletea bakuli.

Nimekwenda kwa daktari. Anasema sauti nyembamba ndizo zimetangulia kuondoka, kwa miaka ile ya kusimama mbele ya spika, na zikiondoka hazirudi. Sikio la kushoto ndilo lililo hoi zaidi. Kumbe ndege wa asubuhi niliodhani wamehama wapo. Na Rukia, aliyekuwa akinilaumu kwamba nampuuza akiniita kutoka jikoni, nimemwandikia kumwomba radhi.

Ningeweza kukuficha. Ningesema nunua za Kirusi, nikatia maneno ya Generosa kinywani mwangu, nawe ungekuja na kasha lako. Niliwaza hivyo siku kadhaa, kwa sababu naogopa. Naogopa ukijua mpiga solo wako hasikii, utaona huku hakuna cha kurudia, na mimi nitazeeka Miyuji bila mtu hata mmoja wa kumwambia "unakumbuka?" Lakini akiba hiyo ni mgongo wako.

Basi jibu ni hili. Jozi ya Kirusi ndiyo nzuri, kwa sikio la Generosa. Hii ya Kijerumani ina kasoro. Ila kasha usinunue. Baa za mjini sasa zinapiga kaseti, na penye sherehe anakuja mtu mmoja na kinanda kinachojipigia ngoma na tarumbeta chenyewe. Bendi sidhani kama itafufuka, na ikifufuka, si kwa masikio yangu.

Njoo wewe. Njoo mikono mitupu, na ikiwezekana usingoje mwakani. Mtu akikaa upande wangu wa kulia bado namsikia vizuri, ila daktari hakutaka kuniahidi ni hadi lini. Nikikuona, nataka nisikie unachosema, nisibaki kutazama midomo yako ikitembea.

Shangazi Tabu anakusalimu kutoka Kondoa na anauliza utaoa lini. Hasani anakusalimu, yeye na kuku wake. Generosa naye, ingawa hakujui, anasema ufike salama.

Mungu akulinde kazini na njiani, na sikio hili moja aniachie hadi ufike.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye sana,

Nurdini