Kila Mtu Aseme Kabla ya Kunawa

Lusaka, Jumapili

Haruna mdogo wangu,

Amahoro. Mama anaendeleaje na lile goti? Na wewe, kifua kimepona, ama bado unakohoa na kusingizia vumbi? Mimi niko mzima, nashukuru Mungu. Mikono tu ndiyo imekuwa migumu kwa sementi.

Dada Zuena ameniambia kwa simu kwamba umefuta kikao cha ufukweni. Eti siku hizi kila mvuvi wa kipe yako, kundi zima la mitumbwi, anakula anakotaka, kisha mnakutana kwenye mitumbwi na kusukuma. "Anasema anaokoa nusu saa," akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Hapa tunajenga ghorofa. Kila Jumatatu asubuhi tulikuwa tunasimama pamoja, kapita, msimamizi wetu, anauliza wapi pana hatari, anayejua anasema. Mwezi uliopita kazi ikachelewa, akafuta mkutano. Nikamwambia, "Shefu, ni dakika kumi na tano tu." Akanijibu mbele ya wote, "Watu arobaini mara dakika kumi na tano ni saa kumi za kazi. Piga hesabu, Mrundi." Nikapiga. Ilikuwa sawa, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Sasa sikiliza. Kwenye jukwaa la ghorofa ya pili palikuwa na ubao uliopasuka. Sisi tisa tuliofanya kazi pale tuliujua wote, tukawa tunauruka kama mtu anavyoruka dimbwi la mlangoni kwake. Banda, fundi wa plasta, alikuwa ameenda kuzika kwao. Akarudi Jumatatu, akapanda na ndoo yake. Tisa walijua, mmoja hakujua, na huyo mmoja ndiye aliyekanyaga. Yuko hai, ila nyonga imevunjika. Mke wake alituuliza hospitalini, "Hakuna hata mmoja aliyeona?"

Siku hiyo nilimkumbuka baba mpaka nikasikia harufu ya mawese. Alasiri ufukweni, kabla ya kuingia ziwani, mchanga bado una moto, ndagala zimeanikwa kila upande, mama ameleta sinia ya bugari na samaki wa mukeke. Baba ameshika birika, na hammwagii mtu maji ya kunawa mpaka aseme neno lake, la chombo ama la mwili. Kamba imelika. Injini inakohoa. Nina homa. Unamkumbuka Bukuru, aliyejifanya jabali?

"Patron, mimi sina neno, nina njaa."

"Basi kaa na njaa yako. Mukeke ni wa wenye maneno."

Watu wakacheka mpaka Bukuru akakubali kwamba bega halinyanyuki. Akawekwa kwenye taa ya kuvutia samaki, mwingine akavuta wavu kwa niaba yake, yakaisha. Wakati ule mimi niliona baba anatuchelewesha chakula tu. Huku nashiba, Haruna, lakini nakula peke yangu, na hakuna anayeniuliza habari za bega langu.

Baada ya Banda tulianza kukutana wenyewe nje ya geti, kabla ya saa ya kazi. Kapita akaja, mikono mfukoni. "Mnapanga mgomo?"

"Hapana, shefu. Kuna waya umechunika kwenye mashine ya zege."

Akaenda kuutazama. Hakusema asante, lakini aliuchomoa kwa mkono wake mwenyewe, na Jumatatu iliyofuata akasimama nasi. Simsifu. Ingempasa asimame kabla ya Banda.

Kipe ni yako sasa, siwezi kukuamuru kutoka huku. Lakini Zuena anasema umechukua vijana wawili wapya wa Nyanza-Lac. Wewe unajua kwamba injini ile huzimika mawimbi yakiipiga kutoka kushoto. Wao wanajua? Nani amewaambia, na saa ngapi, kama kila mtu anakula kwake? Na katikati ya ziwa hakuna ardhi ya kumwokotea aliyeanguka. Rudisha sinia, mdogo wangu. Nusu saa unayookoa, utaipeleka wapi?

Nisalimie mama yetu, umwambie dawa ya goti nimempa dereva wa lori la Bujumbura. Nisalimie Zuena na wanawe, mjomba mwenye kinu cha mawese, na jirani yetu mshona nyavu.

Ukijibu usiniandikie "tuko salama", hilo kila mtu huandika. Niandikie nani alisema nini.

Mukubwa wako wa tumbo moja, anayekuwaza kuliko anavyokugombeza,

Shabani