Boti Isiyo na Pa Kupishana

Mama yangu mpendwa,

Ugonile, mama. Naamini mguu umepungua kuvimba na kakao mmeshaianika. Mdogo wangu Tumpe ameniambia ulikwenda Busale kupalilia kaburi la mwanangu Lusajo. Ndaga fijo, asante sana. Sisi huku Uingereza wazima, ila moyo wangu haujatulia, na jambo lenyewe siwezi kulisema kwenye simu huku nyumba imejaa watu. Tumpe akusomee mkiwa wawili tu.

Unajua baba mkwe alikuja kututembelea. Kabla hajarudi, mume wangu akakodi boti tumtembeze. Huku kuna mifereji iliyochimbwa zamani kubebea makaa ya mawe, siku hizi watu wanastarehe humo. Boti zenyewe ni ndefu na nyembamba kama korido, na zinakwenda polepole, hata mzee mwenye fimbo anazipita akitembea ukingoni. Tulisimama kuona kanisa la kale, siku nyingine kiwanda cha vyungu. Mzee alisema maji ya huku yamelala mno, aliyezoea Ziwa Nyasa anaweza kudhani yanaumwa.

Hayo nimesimuliwa. Mimi nilikuwa mbele, jikoni, mzee nyuma, pazia katikati. Najua wapo mabinti wa Kyela wanaopeana mikono na wakwe zao, lakini wewe hukunilea hivyo. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kumtazama usoni. Akitaka kupita kwenda msalani anakohoa, nami najitanda khanga na kugeukia ukutani. Nilimjua kwa viatu na kikohozi. Mume wangu alitucheka kwamba amekodi boti isiyo na pa kupishana, lakini chakula cha baba yake alikibeba yeye, kila mlo.

Basi tukafika kwenye milango ya maji. Boti inaingia kama kwenye kisima cha mawe, milango inafungwa, maji yanapunguzwa, nanyi mnashuka nayo mpaka kuta zinawazidi kimo. Mume wangu alikuwa juu anazungusha vyuma. Mzee ana kisukari, na alikuwa ameshajichoma sindano ya kushusha sukari, ambayo haitaki mtu achelewe kula. Wali ulikuwa umeiva, nimeufunika. Wa kuupeleka yuko juu. Mimi siwezi kwenda, yeye hawezi kuomba. Tukakaa hivyo, mama, pande mbili za pazia, kila mmoja akimheshimu mwenzake.

Nikasikia kikombe kimeanguka.

"Tata?" nikamwita baba mkwe. Ndilo neno la kwanza nililowahi kumwambia. Nikampigia mume wangu kelele, akajibu hawezi kushuka mpaka maji yatulie.

Kazi yangu unaijua. Kila asubuhi naogesha wazee wa watu, wanaume kwa wanawake, wala sioni haya. Lakini pale kwenye pazia nilishika kitambaa nikakiachia. Niliogopa sana. Kisha nikapita. Nikamlaza ubavu, nikampaka asali ndani ya shavu kidogo kidogo kama tulivyofundishwa kazini, huku naomba Mungu kwa Kinyakyusa. Jasho lilikuwa limemlowesha shati lote. Alipofumbua macho alinitazama mara moja tu, mkono ukatafuta kofia, akaivuta mpaka kidevuni.

"Ndaga," akasema chini ya kofia. Nikarudi jikoni.

Jioni alimtuma mume wangu: "Mwambie Mama Lusajo mimi nilikuwa nimelala. Sijaona mtu." Na wali wangu aliumaliza.

Mzee anafika kwake Busale karibuni. Nakuomba, mama, uende kwa mama mkwe kabla hajasikia pembeni. Mweleze ilivyokuwa, na kama kuna kuku wa kutoa ili heshima irudi mahali pake, nitamtoa. Mume wangu anasema hakuna kosa. Labda. Ila mzee amesema hajaona mtu, na mimi siwezi kusema hivyo.

Lusajo alipozaliwa mlisema wote amechukua sura ya babu yake. Nikaitikia tu, sikuwa na cha kulinganisha. Siku tunamzika mlisema tena. Mama, ni kweli. Paji lile lile, nyusi zile zile. Nilikuwa nimeshika kichwa cha mwanangu amezeeka. Ndiyo maana nilichelewa kugeuza uso.

Nishukurie Tumpe kwa kusoma, unisalimie shangazi wa dukani na mama mchungaji anayekuletea dawa. Ukienda tena Busale, kaa na mwanangu kidogo kwa niaba yangu.

Ni mimi mwanao,
Atupele, mama yake Lusajo