Ufito wa Karibu na Injini

Ziwa St. Clair, 19 Aprili

Mwanangu Aili,

Hujambo? Mama yako hajambo? Mpe salamu zangu, kama atazipokea. Sisi wazima, isipokuwa goti langu linalolalamika tangu barafu iondoke ziwani. Huko kwenu kaskazini najua bado mnachota theluji mlangoni. Poleni.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanijibu "ndiyo" na "hapana" mpaka nadhani nimempigia karani wa benki. Kwenye karatasi unaongea.

Corinne anatimiza miaka kumi na tano mwezi ujao. Tangu nimwoe mama yake hajaniomba kitu, hata chumvi mezani. Juzi kaniuliza, "Eti Kaz, na mimi naweza kuja kuvua muski, hao samaki wenu wakubwa?" Lorraine, mama yake, nusura adondoshe sahani. Nataka awe na ufito wake wa kuvulia, maana sheria ya boti yetu unaijua: samaki ni wa mwenye ufito, haidhuru nani kauzungusha mshipi, na jina la mwenye ufito ndilo linaloandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la chambo.

Dukani kwa Duquette kuna fito mbili. Mmoja ni wa faibaglasi, unapinda kama mkia wa paka. Mwingine wa kaboni, futi nane, mwepesi, mgumu, unang'aa. Mimi maisha yangu yote nimekokota chambo nyuma ya boti kwa fito za babu yako, hizi mpya sizijui. Wewe umesoma kila katalogi iliyoingia nyumba hii. Nichagulie.

Kwa sasa anakaa pale nyuma, karibu na injini. Anakusalimu.

Baba yako


Marquette, 26 Aprili

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, Mama hajambo. Salamu zako amezipokea kwa kutikisa kichwa. Pole kwa goti.

Umesema Corinne anakaa nyuma karibu na injini. Pale pana ndoo ya bluu iliyofudikizwa, ya kukalia. Nilidhani ile ndoo ni yangu. Pengine ndoo haina mwenyewe.

Na ufito wangu mfupi bado unaning'inia gereji, ule wenye utepe ulioandikwa AILI? Nilipokuwa na miaka tisa uliniambia ndio ufito wa karibu na injini, kwamba chambo chake hutembea hatua tano tu nyuma yetu, ndani ya povu la propela, na kwamba muski mkubwa hupenda povu. Naomba usiguswe mpaka nije Agosti.

Kuhusu Corinne, mnunulie wa kaboni. Ufito mgumu unaonyesha kila mtikisiko wa chambo, na yeye ni mgeni, inafaa aone. Nimesoma sana juu ya jambo hili.

Nina mtihani wa kemia kesho.

Binti yako wa kumzaa,
Aili


Ziwa St. Clair, 15 Juni

Mwanangu,

Habari za mitihani? Sisi wazima wa mwili.

Ufito nilinunua. Duquette aliponiona nimeushika alicheka mpaka akavua miwani. "Kaz, unakwenda kuvua au kuchota theluji? Mshipi wako wa kusuka hauvutiki hata kidogo. Ukiutia kwenye mpini huo, ndoana zitachomoka mdomoni mwa samaki. Chukua wa faibaglasi!" Nikamwambia, "Nyamaza, mzee. Huu kauchagua binti yangu, na binti yangu hakosei."

Sasa sikiliza. Jumamosi ya kwanza samaki alishika kwenye ufito wa Corinne. Akaudaka vizuri, miguu kaitanua kama nilivyomfundisha. Nilipohesabu tano mshipi ukalegea. Jumapili, vilevile. Jana tena, na wa jana nilimwona. Inchi hamsini hapungui. Aliruka kando ya boti, akatikisa kichwa mara moja, ndoana hiyo ikachomoka.

Corinne hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Alikunja jaketi lake akasema, "Ni mikono yangu, Kaz. Haifai." Na fito zangu za zamani, upande wa pili wa boti ileile, hazijapoteza hata mmoja.

Tunakosea wapi? Wewe ndiwe uliyesoma.

Baba yako


Ziwa St. Clair, 30 Juni

Aili,

U mzima? Sijapata jibu. Mama yako anasema huumwi, unasoma tu.

Corinne haji tena botini. Anasema anasafisha chumba. Chumba hicho kimesafishwa mara nne wiki hii. Alfajiri nikiwa naivuta boti uani naona taa yake inawaka, halafu inazimwa.

Niandikie hata mstari mmoja.

Baba yako


Marquette, 5 Julai

Shikamoo Baba,

Siumwi. Barua hii nimeiandika mara sita, na tano zimeishia jikoni kwenye jiko la kuni.

Nilijua. Katalogi ya mwaka jana, ukurasa wa thelathini na moja: ukikokota chambo chagua ufito unaopinda, kwa sababu boti inavuta huku na samaki anavuta kule, na lazima kitu kimoja kikubali kuinama. Ukurasa huo naujua kwa moyo. Nikakuandikia kinyume chake.

Nilitaka kusema sikukusudia asipate samaki kabisa. Huo ungekuwa uongo wa pili. Nilikusudia hivyo hasa. Nilitaka umwone akishindwa, ukumbuke kwamba mimi sikushindwa. Yeye anakula nawe kila jioni, anasikia vichekesho vyako vibaya mpaka vinamchosha. Mimi nina wiki tatu za Agosti na ndoo. Niliposoma kwamba na ndoo ameikalia, sikuweza kufanya hesabu hata moja siku ile.

Halafu ukamwambia Duquette kwamba binti yako hakosei. Nilikaa bafuni na barua yako mpaka Mama akagonga mlango.

Mwambie Corinne mikono yake haina kosa lolote. Mwambie ni mimi. Mpe ufito wangu mfupi, ule unaopinda. Ukiamua nisije Agosti nitaelewa, ila niambie kwa barua, usinipigie.

Aili


Ziwa St. Clair, 20 Julai

Mwanangu Aili,

Natumaini u mzima kuliko ulivyokuwa ukiandika.

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikaenda kukata nyasi zisizohitaji kukatwa. Nilikasirika, sitakuficha. Ufito si kitu. Lakini mtoto yule alijidharau mwezi mzima, na mimi nikamtazama tu.

Nilimsomea Corinne barua yote. Akasema, "Eti yeye ndiye ana wivu? Yeye? Kaz, tangu tunatoka bandarini mpaka tunarudi unaniimbia Aili angejua pale pana majani, Aili angepunguza mwendo hapa. Mimi nimekalia ndoo ya mtu, na mwenyewe hata hayupo!" Kisha akaongeza, "Ni mjinga sana huyo. Mwandikie hivyo." Nimeandika.

Jumamosi tulitoka na ufito wako. Chambo hatua tano, ndani ya povu. Saa nne asubuhi ufito ukainama mpaka ncha ikagusa maji, na safari hii hakuna kilichochomoka. Inchi arobaini na tisa. Corinne alimshika mikononi, tukapiga picha niliyoitia humu, akamrudisha majini mwenyewe, taratibu, mpaka mkia ulipompiga maji usoni.

Nikampa penseli aandike jina lake kwenye kifuniko. Akautazama utepe wa ufito, akaandika: AILI, 49. Nikamwambia, "Wee, huyo ni samaki wako!" Akanijibu, "Sheria ya boti, Kaz. Ni wa mwenye ufito."

Sijui kama alikuwa anakuheshimu au anakuzaba kofi. Lorraine anasema yote mawili.

Agosti njoo. Ndoo ni ile moja, mtajuana wenyewe.

Baba yako


Marquette, 26 Julai

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Picha imefika bila kukunjamana.

Nimemtazama huyo samaki muda mrefu. Mkubwa wangu kuliko wote ni wa inchi arobaini na nne. Sasa kwenye kifuniko nina wa arobaini na tisa ambaye sijamgusa hata mkia, na kila nikimkumbuka jambo hilo linaniuma. Nadhani Corinne alijua litaniuma. Mwambie amenipata.

Jina usilifute. Nitalifuta mwenyewe, yeye akiwa amesimama pale, na nitaandika lake. Lakini utepe ubandue leo, kabla hamjatoka tena ziwani, kwa sababu akivua wa hamsini kwa jina langu sitavumilia. Ufito ni wake.

Ule wa kaboni niwekee mimi. Nitauvulia wiki zote tatu, upande wa mbele, mbali na injini. Ndoana zikichomoka, Corinne ana ruhusa ya kucheka.

Bado nina wivu. Nimeona niseme, usije ukadhani umekwisha. Na ndoo ya bluu sijaitoa.

Mmoja wa binti zako,
Aili