Hakuna Anayepanda Lwanjilo na Gari Tupu

Mke wangu Sekela,

Barua hii naiacha wazi. Anwani ya huko uliko siijui, na kwa kuwa ni lazima mtu aisome, basi waisome wanaotaka kununua gari. Wewe hutashangaa. Umeishi na mimi, unajua ninavyowaeleza mambo ya injini watu ambao hawajaniuliza.

Unakumbuka siku mdogo wako Ezekia alipolileta lile gari dogo jeupe kutoka Dar. Alipanda mlima wa Kitonga, akasimama Ilula kununua nyanya, akafika kwetu Chunya nyanya zimekuwa uji kwenye buti. Akashuka anacheka.

"Shemeji, hii kitu inachanganya! Sifuri mpaka mia unaipata hujamaliza kukohoa."

"Na breki je?" ukamuuliza.

"Dada, nani ananunua gari kwa ajili ya breki?"

Jumapili tukitoka kanisani tukaenda kulipima, kile kipande kilichonyooka cha njia ya Makongolosi. Ezekia akatoa tairi la akiba, jeki, mazulia, hata mwavuli wako. Wewe ukakaa juu ya tairi kando ya barabara na gauni lako la kanisani, simu mkononi, ubonyeze saa. Akazima AC, akashika breki na kukanyaga mafuta kwa pamoja mpaka gari likatetemeka, halafu akaliachia. Liliondoka kama limeona nyoka.

Namba ilikuwa nzuri, sikatai.

"Sasa tupande wote," ukasema, "na lile gunia la mchele wa Madibira, tuone."

"Dada, ukipanda wewe hiyo siyo kupima tena, hiyo ni kuhama."

Ulimrushia kandambili, ikampata.

Tangu uondoke nimesoma sana hayo mambo, maana jioni zimekuwa ndefu. Sifuri mpaka mia ni kipimo halali, ila ni cha gari tupu, dereva peke yake, barabara tambarare, mara nyingi karibu na usawa wa bahari. Kinafaa kulinganisha gari na gari, yote mawili yakiwa matupu. Lakini huku kwetu ni nani anaanza na sifuri? Mtu anakuwa kwenye arobaini, nyuma ya lori, mlimani, gari limejaa, na anataka themanini kabla ya kona. Hapo gia inaanza kwanza kujiuliza ishuke au isishuke. Na hewa yenyewe ya huku juu ni nyepesi: injini isiyo na turbo ya kuisukumia hewa inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kila unapopanda mita elfu. Ukifika kwenye ubaridi ule wa juu ya mlima wa Lwanjilo, ni kama fundi ameshafungua kipande cha injini akaondoka nacho. Kwa hiyo mimi siku hizi nikiulizwa, nasema: pima kutoka arobaini kwenda themanini, na wakwe zako ndani. Watu wanadhani natania.

Siku tuliyokupeleka Mbeya, tumbo lako lilikuwa limeuma tangu juzi yake, na sote tulisema ni vidonda vya tumbo. Mchana daktari wa hapa akaandika rufaa ya Mbeya, haraka. Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mwingine. Ezekia akaleta lake. Ulilala nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yako. Mama yako mkubwa akaingia miguuni pako, maana mgonjwa hapelekwi na mtu mmoja. Kwenye buti jiko, mkaa, sufuria, godoro, na mahindi ya kutosha, kwa sababu huko Mbeya ni nani angetupikia? Mimi mbele. Hakuna aliyekosea. Ndivyo mgonjwa anavyopelekwa.

Tulipoanza kupanda Lwanjilo tukalikuta lori la tumbaku. Ezekia akatoka kulipita, akakanyaga. Gari likapiga kelele kubwa, mshale wa mwendo haukusogea. Akarudi. Akajaribu tena, akarudi.

"Kanyaga!" nikamwambia.

"Nimekanyaga, shemeji. Iko chini kabisa."

Mara ya tatu tulifika ubavuni kwa lori, mama mkubwa akiita majina yote ya mbinguni, ndipo ikatokea kona. Ezekia akarudi nyuma. Na wewe, uliyekuwa hujasema neno tangu tupite Chalangwa, ukasema, "Ezekia, kaa nyuma ya lori. Mgonjwa ni mimi, siyo nyie."

Tukakaa nyuma ya lori mpaka juu kabisa.

Daktari wa Mbeya alisema kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Hakusema saa ngapi, na sisi hatukumuuliza. Asubuhi hukuwepo.

Baada ya msiba Ezekia hakushika usukani tena. Gari alilisukuma nyuma ya nyumba ya mama yako, kuku wakahamia chini yake. Akawa anakwenda machimboni kwa miguu. Hakunywa, hakugombana na mtu. Alikonda tu. Siku moja akaniambia bila kunitazama: "Niliogopa, shemeji. Mara tatu nimelipita lori nusu, nikaogopa. Mwanaume mwingine angepita."

Hilo ndilo lililoniamsha. Nikamwambia tukapime.

Tulipakia kama siku ile. Gunia la mahindi badala ya mama yako, jingine badala ya mama mkubwa, jiko, godoro, kila kitu. Wewe nilikuwekea mchele. Kiasi nilikikadiria kwa mikono yangu, kwa kukumbuka nilivyokubeba kukuingiza garini. Nikapunguza mara mbili, kwa sababu ulikuwa umeshakuwa mwepesi.

Kutoka arobaini, pale pale mlima unapoanza kukaza, hakuna lori mbele, akakanyaga mpaka mwisho. Kona ilitufikia mshale haujagusa sitini. Tukarudi chini, tukapima tena. Hivyo hivyo.

"Umeona?" nikasema. "Huyo mwanaume mwingine angetuua sote."

Akazima gari, akaweka paji la uso kwenye usukani, akalia kama ambavyo hakuwahi kulia msibani. Na kweli hakuwahi. Nikamwacha. Mwishowe akajifuta kwa mkono wa shati, akageuka, akayatazama magunia kwa muda mrefu.

"Shemeji," akasema, "tukiyashusha haya mawili ya mahindi, tukapima tena?"

"Hapana," nikamwambia. "Geuza gari."

Mama yako alikuwa ametupikia. Akataka kujua tumekwenda wapi na mahindi yake.

"Tulikuwa tunalipima gari," Ezekia akasema.

"Likoje?"

"Zito, mama."

Akamwongezea ugali. Tukala.

Pumzika, Sekela. Mdogo wako anaendesha, taratibu. Jibu la kile kipimo cha mwisho, cha kushusha magunia mawili, sinalo, na maadamu naishi na mama yako sitalitafuta.

Mumeo,
Baba Lusajo