Jiwe Lililowaka Bluu

Jumanne, Agosti 1996

Leo nimemdanganya Mzee Melkiori wa Mwamkulu, baba yangu wa ubatizo.

Alileta dukani almasi aliyoachiwa na marehemu mwanawe, aliyekuwa akichimba huko Shinyanga. Shemeji, mume wa dada na mwenye duka hili la kununua vito, akafunga dirisha, akaniambia niwashe taa ya zambarau ya kupimia vito. Jiwe likawaka bluu.

“Unaona, Mzee? Almasi nzima haiwaki. Hii ina ugonjwa.”

Mzee akanigeukia. “Eti mwanangu, ni kweli?”

Shemeji mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba almasi nyingi huwaka hivyo, na si kasoro mpaka jiwe lionekane na ukungu juani. Lile halikuwa na ukungu. Lina umanjano kidogo, na hiyo bluu hulifanya lionekane jeupe zaidi.

Lakini mimi na wanangu tunalala kwa Shemeji hapa Kawajense. Akitufukuza, sijui...

Nikasema, “Ndiyo, baba.”

Akamuuzia Shemeji kwa bei ya kutupa. Mlangoni akanishika mikono yote miwili, akasema angekwenda kwa watu baki wangemwibia. Shemeji alikuwa ananiita, nikarudi ndani.