Chokaa Ndani ya Ndoo

Kilole, Jumanne usiku

Bado nasikia ute vidoleni, na nimenawa kwa ndimu, majivu na sabuni. Mimi sikutaka kabisa kuwapika. Ni huyu Shemeji Yona, mdogo wake mume wangu, aliyezoea kula konokono huko Afrika Magharibi alikofanya kazi. Jana kaja na kiroba kizima kutoka kwao Lutindi.

Akaniambia niwafunike kwenye ndoo, niwape mchicha tu, wasafishe matumbo. Usiku kucha nikawasikia wakikwaruza plastiki.

Leo nimewamwaga niwaoshe, nikakuta kinyesi cheupe, kinakwaruza kama unga wa mawe. Mchicha gani unatoa kinyesi cheupe? Nikawachemsha, nikawachomoa kwenye magamba, nikawaunga kwa nyanya na pilipili.

Mezani ndipo nikauliza, "Shemeji, hawa uliwaokota wapi?"

"Kaburini kwa Mama," akasema huku akimega ugali. "Wamejaa pale, wanatafuna ile chokaa."

Mume wangu akaacha kutafuna. Chokaa ile tulilipaka kaburi sisi wenyewe, Pasaka.

Mimi sikugusa hata kipande. Nimepanda kitandani nikijisifu kwa hilo.

Mama mkwe hakunipenda. Amekufa hajawahi kuweka mdomoni chakula nilichopika mimi, hata uji wa ugonjwa wake aliukataa.

Lakini taa imezimwa, nimekumbuka, nimeiwasha tena. Leo jikoni, kabla ya kupakua, nilionja mchuzi kuangalia chumvi. Ulikuwa mtamu, nikaonja tena.