Kipanya ya Mkono wa Kushoto

Nekesa mjukuu wangu, hapa Kabiria tuko salama, goti ya nyanya yako imepoa. Unauliza mbona hatukupigii na kompyuta uliyotuachia. Ni hii kipanya, imenichosha kabisa! Natumia mkono wa kushoto, kwa hivyo nageuza vitufe vyake. Nyanya yako anarudisha, nageuza tena. Nikifyeka nyasi Lavington nikiwa kijana, msimamizi alitaka kila panga inolewe upande wa mkono wa kulia. Yangu nikainoa upande wa kushoto, nikawashinda wote. Jana nyanya yako alibonyeza akupigie, akakosa sura yako, akasema, “Mzee, sasa msimamizi ni wewe.” Nimemrudishia vitufe vyake. Nitajifunza mkono wa kulia, hakuna kitu imewahi kunishinda. Piga Jumapili, abonyeze yeye, mimi nitasimama nyuma.

Babu yako